Mkaguzi wa Kwenye Kochi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka jikoni, na nje kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nikiwa bado nimefumba macho nikasema moyoni: panya. Kisha nikajijibu: hakuna panya mwenye nguvu hizo. Kwaru, kwaru, halafu kimya, halafu mtu akashusha pumzi kama anayetua gunia, halafu kwaru tena. Nikapapasa upande wa pili wa kitanda. Mke wangu hayupo. Mtoto hayupo.

Nilichomoka na kiatu mkononi, maana mimi si mtu wa kuvamiwa kwangu nikajificha. Jikoni nikamkuta mke wangu amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika tumbo palipo na mshono, mkono wa pili unasugua tako la sufuria kwa waya. Mtoto wetu, ambaye hata wiki mbili alikuwa hajatimiza, alikuwa kwenye beseni la nguo, juu ya taulo, amenuna kama hakimu.

"Unafanya nini?"

"Punguza sauti, utamwamsha."

"Mimi ndiye nitakayemwamsha? Na hiyo sufuria je?"

"Hiyo ameshaizoea," akasema, na akaendelea kusugua. "Yule msaidizi anaanza leo."

"Si ndiyo vizuri? Aje aisugue yeye."

"Aikute hivi? Nyeusi hivi? Akamwambie mama yako kwamba mwanawe analishwa kwenye masizi?"

Ili mnielewe, lazima niwaambie mke wangu anafanya kazi gani. Ni mkaguzi wa vyumba hotelini. Kazi yake ni kuingia chumba ambacho wenzake wameshakisafisha na kuwaonyesha kwamba hawajakisafisha. Hupitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Hupiga magoti akachungulia uvunguni. Huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, na mfagiaji aliyesimama nyuma yake huacha kupumua. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kwamba kuna mgeni mwenye macho anakuja kushinda nyumbani kwake, tena ametafutwa na kuletwa na mama mkwe. Ni sawa na kumwambia askari kwamba wenzake wanakuja kupekua kwake.

Mama yangu anaishi mji mwingine. Alipiga simu mke wangu alipotoka tu chumba cha upasuaji. "Magoti yangu hayawezi ngazi zenu kila siku," alisema, "lakini nimepata mama mmoja, kazi yake ni nyumba zenye watoto wachanga tu. Anapika, anafua, anambeba mtoto, mzazi analala." Mimi nilipinga. Nilimwambia nyumba hii ina mwanaume. Mama akauliza kama huyo mwanaume anajua kufunga nepi, kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

"Usisimame tu hapo kama mlingoti," mke wangu akasema. Akanirushia kitambaa. "Juu ya milango."

"Nani anaangalia juu ya milango?"

"Mimi."

Nikapanda kigoda.

Msaidizi alifika jua limeshachomoza. Alikuwa mama mnene, wa mwendo wa taratibu, na kwenye mkoba wake alikuwa na kandambili za kuvaa ndani. Watu wa nyumba alizofanyia kazi walimpachika jina la Mama Tulia, kwa sababu neno hilo aliwaambia watoto, wazazi, na hata maziwa yakitaka kufurika. Alivaa kandambili zake akaingia jikoni. Sinki lilikuwa linang'aa. Akaingia bafuni. Vigae vilikuwa vinamwonyesha uso wake. Akatoka nyuma kwenye kamba, nepi zimepangwa kama gwaride.

"Hapa mmeniita nifanye nini?" akauliza. "Niwe pambo?"

"Upumzike, mama," mke wangu akasema, tabasamu huku, jasho huku. "Karibu chai."

Na akammiminia! Mgonjwa akamhudumia aliyekuja kumuuguza. Mama Tulia alipokea kikombe, lakini macho yake hayakuwa kwenye chai. Yalikuwa kwenye vidole vya mke wangu, ambavyo vilikuwa vimekunjamana kama vimelala ndani ya ndoo.

"Tulia, mwanangu," akasema.

"Nimetulia."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki ile. Mama Tulia alikuja mapema, mke wangu akaamka mapema zaidi. Mama Tulia alikuta uji umepikwa, nguo zimekunjwa, sakafu bado ina unyevu. Kilichobaki kwake ni kumwogesha mtoto, na hata hapo beseni lilikuwa limeshasuguliwa. Jioni moja mke wangu akanivuta dirishani. Mama Tulia alikuwa nyuma ya kamba ya nguo, simu sikioni, anaongea chinichini.

"Umemwona?" mke wangu akanong'ona. "Anapeleka ripoti."

"Labda anaongea na mumewe."

"Mume gani anaambiwa 'ndiyo, bibi, ndiyo, bibi'? Huyo ni mama yako!"

Na kesho yake akasafisha mpaka nyuma ya friji.

Ijumaa tulikwenda kliniki. Nesi akafunua bandeji, akainama, akasogeza taa karibu.

"Huu mshono unatoa maji," akasema. "Umekuwa unabeba nini?"

"Mtoto tu."

"Mtoto wa nani, wa tembo?"

Mke wangu akatazama ukuta. Nesi akavua glavu. "Sikiliza, dada. Ijumaa ijayo nikikuta hapajakauka, nakulaza. Na wodi ile watoto hawaingii. Huyu atabaki na baba yake."

Watu wote wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama mtoto. Mtoto akapiga chafya.

Njiani mke wangu alimshikilia mtoto kifuani kana kwamba nesi anatufuata nyuma na kikapu. Tulipofika akasema, "Nitalala," na nikamwamini. Asubuhi nikamkuta anapanga kabati la vyombo. Ati amepanga akiwa ameketi, na kuketi ni nusu ya kulala.

Mimi ni fundi wa makochi, na karakana yangu iko mtaa wa pili. Siku ile Mama Tulia alikuja kunikuta huko, akaondoa mabaki ya sponji kwenye benchi, akakaa.

"Fundi," akasema, "mkeo ananitangulia."

"Najua, mama. Nimesema mpaka nimechoka. Mimi nikisema jambo kwangu huwa linasikika, ila hili..."

"Usiseme. Tuibe."

"Tuibe nini?"

"Silaha."

Tukala njama. Jioni, mke wangu akiwa ananyonyesha, nilitoa kila kitu kupitia mlango wa nyuma: mifagio, brashi, ndoo, tambara la deki, sabuni za unga na za maji, waya wa kusugulia. Nilivipakia kwenye mkokoteni na kuvipeleka karakana. Fundi wa redio, jirani yangu, mdomo wake hauna breki. "Makochi yamekushinda?" akapaza sauti. "Naona umehamia biashara ya mifagio!" Nilimpa vidonge vyake, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshacheka.

Nililala kama mshindi. Nilipoamka, sakafu ya chumbani ilikuwa inameremeta. Chini ya kitanda kulikuwa na kitu cheupe kimelowa. Nikakivuta. Lilikuwa shati langu, lile nililovaa siku nilipokwenda kumposa.

"Shati langu!"

"Ni la pamba," mke wangu akajibu kutoka sebuleni. "Pamba inanyonya vizuri."

"Na sabuni umetoa wapi?"

"Shampuu yako."

Nilikwenda karakana damu inachemka. Nilikuwa tayari kumfunga huyu mwanamke kwenye kitanda kwa kamba ya kushonea makochi. Mama Tulia alinifuata huko, akanisikiliza mpaka nikaisha, kisha akatikisa kichwa.

"Tulia, fundi. Mkeo hana ugonjwa wa kusafisha. Anaogopa kuonwa. Ametumia miaka yake kuwatazama wenzake, sasa akitazamwa yeye, ngozi inamwasha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumrudishie kazi yake."

"Hotelini? Na mshono ule?"

"Hapahapa nyumbani. Mimi nisafishe, yeye akague. Ila akague akiwa amelala." Akagonga sponji kwa kiganja. "Wewe si fundi? Nitengenezee kitanda kinachotembea."

Hapo sasa aligusa penyewe. Nilikuwa na kochi jembamba la kulalia ambalo mteja alikataa rangi yake. Nilipima milango yote ya nyumba, nikakata mkono mmoja wa kochi ili lipite, nikaongeza sponji laini mgongoni na ngumu kiunoni, nikafunga vigurudumu vinne vilivyotoka kwenye toroli la dukani. Fundi wa redio alikuja kutazama, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza bei. Nililisukuma kochi lile barabarani hadi nyumbani, kifua mbele, na vijana wa mtaani wakanisaidia kulipandisha ngazi.

"Hilo nini?" mke wangu akauliza.

"Ofisi yako," Mama Tulia akamjibu.

Alikataa, bila shaka. Alisema yeye si mzigo wa sokoni. Mama Tulia hakubishana. Alichukua ufagio, ambao nilikuwa nimeurudisha, akaanza kufagia sebule. Na Mungu wangu, alifagia vibaya! Alizunguka miguu ya meza kama vile ina umeme. Aliacha pembe zote nne. Taka alizozikusanya akazisukuma chini ya zulia, kisha akalikanyaga zulia likae sawa.

Mke wangu alikaa kwenye kochi ili aone vizuri. Kisha akaegemea. Kisha, bila kujua, akapandisha miguu.

"Mama, hapo kwenye kona umeacha."

"Wapi?"

"Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu."

"Haya macho ya uzeeni, mwanangu. Sioni kitu."

"Hapo hapo! Ngoja nikuonyeshe." Akataka kuinuka.

"Ukiinuka nakwenda kwangu," Mama Tulia akasema kwa upole, "na hilo vumbi nakuachia."

Mke wangu akarudi nyuma kwa kishindo. "Baba Mtoto, nisogeze kule."

Nikamsogeza kule.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na mkaguzi anayesafiri. Nilimsukuma sebuleni, nikamsukuma jikoni, nikamsukuma ujiani hadi mlango wa bafu, mtoto kifuani mwake, kidole chake mbele. Mama Tulia alipokea maonyo kwa unyenyekevu wa mwanafunzi mjinga. Aliosha glasi akaacha povu ndani. Alikunja mashuka kama anafunga samaki. Alipiga deki akianzia mlangoni kwenda ndani, akajikuta amejifungia kwenye kona, na ilibidi mke wangu amwelekeze pa kukanyaga. Na katikati ya kugomba, usingizi ulikuwa unamnyakua. "Mama, kwenye ule ufa wa..." alikuwa akianza, na mdomo unabaki wazi, na mtoto juu yake anakoroma sauti ya kwanza, yeye ya pili.

Mara ya kwanza alipolala hivyo nilikimbilia kitambaa ili nifute. Mama Tulia akanishika mkono.

"Usiguse. Huo ni mtaji wa kesho."

Kwa hiyo tuliacha. Na mtaji ukakua. Kufikia Alhamisi, siku moja kabla ya kurudi kliniki, nyumba yetu ilikuwa chafu kuliko karakana, na mke wangu alikuwa amepata rangi usoni.

Basi Alhamisi hiyo nilikuwa nasukuma kochi ujiani, nimevaa aproni, Mama Tulia akirudi kinyumenyume na ufagio, mke wangu akisema, "Hapana, hapana, rudia hapo," mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Mama yangu. Begi mkononi, anahema kwa sababu ya ngazi.

Hakuna aliyesogea. Mama akanitazama mimi. Akatazama aproni. Akamtazama mkwewe aliyelala kama abiria. Akatazama sakafu, iliyokuwa na michirizi ya sabuni iliyokauka. Kisha akaiendea meza, na akapitisha kidole juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa ni mtu wa aina gani niliyekwenda kumwoa.

"Wewe mama," akasema, na nilishtuka kuona anamwambia Mama Tulia. "Kila jioni unanieleza kwenye simu, mkweo halali, mkweo halali. Nimeacha shughuli zangu nije nimlaze kwa mkono wangu. Kumbe mtu atalala vipi katika jaa kama hili? Wewe ndiye hutaki kufanya kazi!"

"Mama, ngoja..." nikaanza.

"Wewe nyamaza. Mtu mwenye aproni hanijibu." Akamgeukia tena. "Funga mkoba wako. Na rafiki yangu ambaye binti yake anajifungua mwezi ujao, nitamwambia asikuchukue. Tena nitawaambia wote."

Mama Tulia aliegemeza ufagio ukutani, taratibu, akaanza kuvua kandambili zake. Jina zuri ndiyo riziki ya kazi yake. Hapewi nyumba kwa cheti, hupewa kwa maneno ya mama mmoja kwa mwingine.

Ndipo mguu wa mke wangu ukashuka kutoka kwenye kochi.

Sote tuliutazama mguu ule. Ulikuwa bado haujagusa sakafu.

"Tulia," Mama Tulia akasema, akiwa na kandambili moja mkononi.

Mguu ukaning'inia. Kisha ukarudi juu.

"Mama," mke wangu akamwambia mama yangu, "kwenye simu ulikuwa unamwuliza nini?"

"Ningemwuliza nini? Mzazi amelala? Amekula? Mshono unaendeleaje?"

"Basi?"

"Kuna lingine?"

"Hakukuambia habari za sufuria?"

"Sufuria gani?"

Mke wangu akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu. "Mama, huyu hana kosa. Uchafu huu ni wangu. Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikiamka kabla hajafika, nasugua, nafua, ili asikute cha kukuletea. Mshono ukaanza kutoa maji. Kesho nesi asiporidhika ananilaza, mtoto anabaki. Ndiyo maana mama huyu anafagia vibaya. Anafanya makusudi, ili nilale hapa nigombe, nisiinuke."

"Nani kakwambia ni makusudi?" Mama Tulia akauliza, ameumia kweli, kama fundi aliyeonwa mshono wake.

"Mama, mimi ni mkaguzi. Wavivu nawajua. Mvivu huacha vumbi pasipoonekana. Wewe unaliacha mbele ya macho yangu."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu zulia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nalala vizuri."

Mama yangu alihitaji kukaa. Akakaa palipokuwa karibu, miguuni kwa mke wangu, kwa uzito wake wote. Sikuwa nimeweka breki. Kochi likaondoka. Mama mkwe, mkwe na mjukuu wakapita mbele yangu kwa mwendo wa heshima, wakavuka ujia mzima, wakaenda kugonga mlango wa bafu. Mtoto hata hakufumbua jicho.

Kule mwisho wa ujia sauti ya mama ikasikika, ndogo kuliko kawaida yake. "Kwani mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo?"

Nikainama kukagua kigurudumu.

"Nauliza."

"Bibi," Mama Tulia akasema, "mimi mwenyewe nimeogopa sasa hivi."

Mama akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha kukata simu, na mke wangu naye akacheka huku ameshika tumbo akilia, "Jamani, mshono, jamani!" Kisha mama akasimama, akamwendea Mama Tulia, akaokota ile kandambili na kumwekea mbele ya mguu. Hakusema samahani, mama yangu neno hilo huwa linamkwama. Alisema, "Yule binti wa rafiki yangu ni kichwa ngumu kuliko huyu. Jiandae." Halafu akashika ufagio.

"Usithubutu," Mama Tulia akamwambia. "Mpaka kesho nahitaji vumbi lote."

Mama alishinda siku nzima amekalia mikono yake.

Ijumaa tulikwenda sote. Nesi akafunua bandeji, akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto.

"Pamekauka," akasema. Akatuangalia kwa zamu. "Mmefanya nini?"

"Tumekaa kwenye uchafu," mama yangu akajibu kwa fahari.

Ilichukua muda kumweleza nesi yule.

Nje, kwenye kituo cha basi, mama alikuwa anasubiri gari la kumrudisha kwake. Alimchukua mtoto, akamnusa shingoni, akamwita "mume wangu," akamwuliza kama anamtunzia mke mwenzake au anamsumbua. Kisha akamrudisha kwa mama yake.

"Mwisho wa mwezi nakuja tena," akasema. "Nimekuambia mapema. Nisije nikasikia umeamka alfajiri kwa ajili yangu. Nikija nikute nini?"

Niliona macho ya mke wangu yakienda mbali, yakihesabu madirisha. Halafu akamweka mtoto vizuri begani, akainua mkono wa kulia kama mtu aliye mbele ya mahakama, na akasema kwa sauti ambayo watu wa kituoni wote waliisikia:

"Nakuahidi, Mama. Ukija utakuta vyombo vya jana kwenye sinki, vumbi uvunguni, na mimi juu ya kochi lile lile nimelala."